Picha ya Mwoka Mikate

Jumamosi hiyo ukumbi wa maonyesho ulifurika watu pomoni. Msimu wa sanaa ndio kwanza ulikuwa umefunguliwa, na kila mwenye nguo nzuri alikuwa ameivaa. Mlangoni palikuwa na twiga wa mabomba ya chuma. Darini vilining'inia vitambaa vyekundu vilivyopepea kama moto. Pembeni kulikuwa na chumba cha giza kilichojaa redio kuukuu, zote zikinong'ona kwa pamoja. Ukipita unahisi unasengenywa.

Msichana mmoja, blauzi ya kijani na sketi ndefu nyeusi, alikuwa amesimama mbele ya picha moja kubwa, miguu imekataa kuondoka. Alifanya kazi katika duka la miwani, akikata na kusaga vioo, na wenzake walimwita Lenzi kwa kuwa jicho lake halikosi kitu. Siku hiyo alitamani likose. Pichani alikuwepo mwanamume aliyejaa unga mpaka viwikoni, ameinama dirishani mwa duka la mikate, moto wa tanuri ukimwangaza uso. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo.

Alikuwa kaka yake, wa tumbo moja.

Miaka miwili nyuma kaka huyo alisimama mahakamani akaeleza jinsi bosi wake, mkandarasi, alivyojenga ghorofa kwa saruji iliyochakachuliwa. Ghorofa lile liliporomoka na watu ndani. Mkandarasi alifungwa, ila vijana wake walibaki mitaani, wakaapa kwamba shahidi yule hatazeeka. Kaka akabadili jina, mtaa na kazi. Waliojua alipo ni Lenzi na mama yao, basi.

"Picha hiyo imekukosea nini, dada? Mbona unaikodolea macho hivyo?"

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la kitani lililokunjwa mikono, kamera begani.

"Wewe ndiye uliyeipiga?"

"Mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

"Ulimwomba ruhusa huyu mtu?"

"Ningemwomba angetabasamu, picha ikafa. Nilikuwa napita zangu asubuhi, nikaona, nikapiga."

"Ilikuwa wapi?"

Mpiga picha akacheka. "Hapo hupati kitu. Nikikuambia utaenda kula mikate yake, uniache mimi."

Lenzi akalazimisha kicheko. Alipoombwa namba ya simu, akaitoa papo hapo. Alijua anachofanya: alikuwa anatupa ndoano. Akishamzoea mtu huyu, atamshawishi aitungue ile picha kabla haijaonwa na wasiopaswa kuiona.

Balaa ni kwamba ndoano ilimnasa mwenyewe.

"Lenzi, umekula?" simu ilikuwa ikiita mchana.

"Nimekula. Kwani wewe ni daktari?"

"Mimi mgonjwa. Daktari ni wewe."

"Toka hapa!"

Siku moja akaja dukani akidai macho yanamsumbua. Lenzi akamkalisha kitini, akampima kwa makini, pua zao zikikaribia kugusana.

"Macho yako mazima kabisa, bwana."

"Basi mbona simwoni mwingine?"

Wenzake Lenzi waliangua kicheko nyuma ya pazia. Jioni hiyo alirudi nyumbani akitabasamu peke yake barabarani, mpaka alipokumbuka sababu ya yote.

Walizunguka maonyesho yote ya msimu ule pamoja, mkono kwa mkono. Lakini kila waliporudi katika ukumbi ule, walikuta kundi mbele ya mwoka mikate limeongezeka, na simu zimeinuliwa juu kuipiga picha ile. Kila simu iliyoinuliwa ilimchoma Lenzi kama msumari. Hatimaye uvumilivu ukamwishia.

"Mpenzi, nina ombi. Itungue picha ya mwoka mikate."

"Lenzi, hiyo ndiyo imenitoa! Bila hiyo mimi nani? Kwa nini niitungue?"

"Usiniulize."

Mpiga picha akauachia mkono wake. "Huyu mwanamume ni nani wako?"

Lenzi alikuwa amemwapia mama yake kwamba siri ya kaka haitamtoka kinywani. Akainamisha uso, na kuinama kwake kukawa jibu.

"Siku ile ulinipa namba haraka haraka," mpiga picha alisema taratibu. "Nikajiona nina nyota. Kumbe mimi ngazi tu, unanipanda umfikie mwingine."

"Mwanzoni ilikuwa hivyo, ndiyo," Lenzi alijibu, maana uongo ulikuwa umemchosha. "Sasa sivyo."

"Mwanzoni ndiyo," akarudia mwenzake, akageuka, akaondoka.

Simu ikawa bubu. Wiki ikakatika. Lenzi alivunja vioo dukani, yeye ambaye hakuwahi kuvunja hata kimoja, na usingizini alisikia zile redio.

Alhamisi mchana simu ikaita.

"Usikate," mpiga picha alisema kwa sauti ya chini. "Kuna wanaume wawili wamesimama mbele ya picha tangu asubuhi. Watu hutazama picha nzima. Hawa wanatazama sikio."

Kioo kikamponyoka Lenzi, kikapasuka sakafuni.

"Mmoja ameniuliza niliipigia wapi. Mpole, maneno yake asali tupu, lakini hapepesi macho. Lenzi, niambie. Huyu ni nani?"

"Kaka yangu. Wakimpata watamuua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwapia mama."

"Nimewaambia niliipiga safarini, mji wa mbali. Sidhani wameniamini. Toka nje, nakuja."

Alifika mbio. Kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, ndani ya shuka, ilikuwepo picha. Alikuwa ameitungua mbele ya umati, na msimamizi akamwambia asikanyage tena ukumbini pale na kazi zake.

"Walikuona ukiitungua?"

"Walikuwa wameshaondoka. Ila waliipiga kwa simu." Akakanyaga mafuta. "Na dirisha lile pichani lina nusu ya jina la duka."

Walipofika duka la mikate, kaka alipomwona mgeni akiingia, alishika koleo la tanuri kwa mikono miwili.

"Kaka, ni mimi!"

"Na huyu?"

"Ndiye aliyekupiga picha. Wameiona."

Kaka alimkazia macho mpiga picha, koleo bado mkononi. "Angalau nilitoka vizuri?"

Hakuna aliyecheka. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaomba mwenzake aangalie mikate isiungue, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwenye kituo cha mabasi aliwasimamisha. "Msiniulize naenda wapi. Asiyejua hana la kusema hata akibanwa." Kisha akamgeukia mpiga picha. "Sisi hatuna baba. Wa kuombwa ni mimi, na ninaondoka. Kama una neno, liseme sasa."

"Shemeji, mimi ndiye niliyekuleta kwenye hatari hii. Lakini naomba kumwoa dada yako."

"Dada, unasemaje?"

"Nimekubali," Lenzi alisema, machozi yakimdondoka.

"Basi nimekupa. Mhamisheni na mama, leo hii."

Basi likaondoka. Kaka hakupunga mkono, alishusha kofia usoni.

Njia ya kwenda kwa mama ilipita kwenye duka la mikate. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mlangoni, milango yake minne wazi. Mpiga picha hakupunguza mwendo. Lenzi aliukamata mkono wake juu ya gia, akaukuta wa baridi kama wake.

Walioana katika mji mwingine, ukumbi mdogo, wageni wachache. Lenzi alivaa gauni jeupe lisilo na mapambo, mama akakaa karibu na mlango wa nyuma. Shangazi mmoja wa bwana harusi aliinua simu. Bwana harusi akaondoka jukwaani, akaifunika kamera kwa kiganja.

"Samahani, shangazi. Hapa hapigwi mtu picha."

Aliporudi, alimkuta Lenzi akitabasamu bila kupepesa macho. Safu ya mwisho, mwanamume mwenye suti ya kijivu alikuwa ndio kwanza anavuta kiti, anakaa.

"Yule ni wa kwenu?" Lenzi alinong'ona.

"Nilidhani wa kwenu."

Vidole vyao vikakamatana.

"Shuka nami polepole, tumchukue mama, tupite nyuma. Usimtazame," mumewe akasema sikioni. "Cheka, mke wangu."

Akacheka.