Darasa la Mtoto Mmoja

Saa mbili kamili asubuhi, Ildephonse Mugisho alikaza tai yake, akasafisha koo, akafungua rejista.

"Gentille Mugisho!"

"Present," akaitika binti yake wa miaka kumi na miwili. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, kwenye meza ya chakula, amevaa soksi juu ya soksi kwa sababu ya baridi.

Ildephonse akaweka alama. Kisha macho yake yakashuka kutafuta jina linalofuata. Hapakuwa na jina linalofuata. Akafunga rejista.

Ilikuwa Januari 2016, katika nyumba za kupanga za mji wa New Hope, jimbo la Minnesota, na theluji ilikuwa imefika magotini. Mukamana, mama yake Gentille, alishatoka alfajiri kwenda kusafisha ofisi huko Eden Prairie. Ildephonse alikuwa anaanza kazi saa tisa alasiri, kwenye kiwanda cha kufunga vyakula cha Maple Grove. Kwa hiyo asubuhi yote ilikuwa yake na binti yake, na hii ilikuwa siku ya saba ya shule yao.

Msimcheke. Ildephonse alikuwa mwalimu kweli. Kule Kongo, katika milima ya juu ya Uvira, alifundisha miaka kumi na moja. Alikuwa na watoto sitini na wanne katika chumba kimoja, na sauti yake ilifika benchi la mwisho bila taabu. Shida ni kwamba sauti ile ile alikuja nayo New Hope, na benchi la mwisho halikuwapo.

Familia ilikuwa na mwaka mmoja na nusu Marekani. Gentille aliwekwa darasa la saba kwa kufuata umri wake, ingawa vita na kambi ya wakimbizi vilikuwa vimemnyima miaka miwili ya masomo. Walimu wake walikuwa wema. Lakini darasa lilikwenda mbio, naye alibaki nyuma. Kila jioni baba yake alimuuliza, "Shule ilikuwaje?" Kila jioni alijibu, "Fine, Baba."

Mwezi wa Desemba, mwalimu wa hesabu aliwaita wazazi. Aliwaambia kwa upole kwamba tangu Septemba hajawahi kusikia sauti ya Gentille darasani. Jioni hiyo mtoto alisema maneno yaliyomkata baba yake maini.

"Baba, mimi ni mjinga. Tukubali tu."

Ildephonse alimpenda mtoto huyu kupita kiasi. Maneno yale hakuweza kuyameza. Shule zilipofunguliwa Januari, hakumrudisha. Hakumwambia mtu yeyote ila mkewe.

"Na ruhusa?" aliuliza Mukamana.

"Nina diploma ya ualimu," alijibu Ildephonse. "Nimwombe nani ruhusa ya kumfundisha mwanangu?"

Mukamana alimtazama, akarudi jikoni. Alikuwa anajua kwamba diploma ile ikishatajwa, mazungumzo yamekwisha.

Sasa, siku hii ya saba, Ildephonse aligeukia ubao aliokuwa ameutundika juu ya kochi. Aliandika mifano mitano ya sehemu, yaani nusu na robo na thuluthi.

"Nakili!"

Gentille akanakili.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, Baba."

Waliosoma kwa mtindo ule wanajua kwamba swali hilo lina jibu moja tu. Baada ya hapo akampa jaribio la maswali kumi. Gentille alipata mawili. Hakulia. Aliangalia tu vidole vyake, na uso ulikuwa ule ule wa Desemba. Ildephonse aliuona, akafuta ubao.

Saa tano mtu wa posta alipita. Gentille alishuka kwenye masanduku ya barua, akarudi na bahasha. Barua za Kiingereza yeye ndiye aliyewasomea wazazi wake.

"Baba, ni ya shule. Inasema I was absent. Siku tano, bila sababu. Wanataka mzazi apige simu, otherwise wataripoti."

"Absent?" Ildephonse alisimama. "Nani absent?"

Alichukua rejista, akaipiga kwa kidole. "Hii hapa! Moja, mbili, tatu... saba! Siku saba, alama saba! Hujakosa hata siku moja. Na hao hata kuhesabu hawajui, wanasema tano!"

Alivaa koti, akaitia rejista kwapani, akatoka. Alikuwa anakwenda kuwaonyesha.

Kwenye ngazi alikutana na Ephrasia, jirani wa ghorofa ya juu, anakung'uta theluji kwenye viatu. Ephrasia alikuwa Mtanzania wa Bukoba. Siku za Jumamosi na Jumapili alihudumia wazee katika nyumba yao ya matunzo. Siku nyingine aliwafundisha wanawe wawili, Rodney na mdogo wake, nyumbani, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu.

"Baba Gentille, mbona mbio hivyo? Kuna usalama?"

"Jambo, Mama Rodney. Wanasema mtoto hajasoma. Rejista hii hapa!"

Ephrasia alisoma barua, kisha akafungua rejista. Aliona jina moja na alama saba zilizopangwa vizuri. Alibana midomo ili asicheke.

"Mwalimu, rejista yako ni nzuri sana," alisema. "Ila haijulikani na mtu. Kwao, Gentille bado ni mwanafunzi wao, na kiti chake kiko wazi. Ulipeleka taarifa?"

"Taarifa gani?"

"Turudi ndani. Utaniwekea chai."

Ndani, Ephrasia alivua koti, akamkumbatia Gentille, akaketi.

"Sheria ya Minnesota inakuruhusu kabisa kumfundisha mtoto nyumbani," alianza. "Lakini ukimtoa shule ya umma, una siku kumi na tano za kumwandikia msimamizi mkuu wa shule za wilaya yenu. Ulimtoa lini?"

"Tarehe nne."

"Leo ni kumi na mbili. Siku ya tisa. Zimebaki sita. Umeponea tundu la sindano."

"Niandike nini?"

"Kuna fomu yake. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na nani atamfundisha. Uambatanishe karatasi ya chanjo zake. Kwa darasa la saba wanaitazama hasa hiyo. Na shuleni kwake uwaambie umemtoa, wafute jina, barua hizi ziishe. Mwakani, kabla ya tarehe mosi Oktoba, unawaandikia tena kwamba unaendelea."

Ildephonse alikuwa ameshaingia chumbani. Alirudi na bahasha ya nailoni. Ndani yake mlikuwa na diploma yake, imekunjwa mara nne, imevuka mipaka mitatu.

"Na hii niambatanishe?"

Ephrasia aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akamrudishia.

"Hongera. Lakini hawaiulizi, ndugu yangu. Sheria haikuulizi kama una diploma. Inakuuliza kama wewe ni baba yake."

Ildephonse aliketi. Hakujua afurahi au aone aibu, akafanya vyote viwili.

"D'accord, sawa," alisema mwishowe. "Na masomo?"

"Kusoma na kuandika, hesabu, sayansi, historia, jiografia, uraia, uchumi kidogo, afya na mazoezi, na sanaa. Usiogope, si lazima yote kila siku. Kwaya ya kanisani anajifunza muziki. Vitabu viwe vya Kiingereza, na maktaba wanavyo tele, bure. Akikwama, mweleze kwa lugha anayoielewa. Na kila mwaka afanye mtihani mmoja unaotambulika nchi nzima. Mnakubaliana na ofisi ya wilaya ni upi. Matokeo yanabaki kwenu nyumbani. Ila matokeo yakiwa thelathini au chini ya hapo, inabidi umtafute mtaalamu ampime, kama kuna jambo linalomzuia kujifunza."

Gentille alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, anasikiliza. Ephrasia alimwona. Aliliona pia jaribio mezani, na mbili yake nyekundu.

"Gentille mwanangu, kaniangalizie kama wanangu wamemaliza hesabu zao," alisema. Mtoto alipotoka, alishusha sauti.

"Baba Gentille, kule kwenu ulifundisha wangapi?"

"Sitini na wanne."

"Na hapa?"

Ildephonse aliitazama rejista yake yenye jina moja.

"Hata mimi mwaka wa kwanza nilipiga kengele," alisema Ephrasia. "Wallahi, kengele ya ng'ombe! Wanangu walinichukia. Watoto sitini huna budi kuwaambia wanakili, maana huwezi kumsikiliza kila mmoja. Huyu mmoja unaweza. Umeshamuuliza ni wapi hasa anapopotea?"

"Ninamuuliza kama ameelewa."

"Naye anasema ndiyo, kwa sababu anakuheshimu. Mpe kitu anachokiona, afikirie mwenyewe. Na siku akikubishia, usikasirike. Chinja kuku."

Maneno hayo yalimchoma Ildephonse, kwa kuwa yalikuwa kweli. Lakini hakuwa mtu wa kununa. Alijaza fomu siku hiyo hiyo. Alipiga simu shuleni, na kesho yake akaipeleka fomu mwenyewe kwenye ofisi ya wilaya pamoja na karatasi ya chanjo. Aliomba nakala yenye muhuri, akaiweka ndani ya rejista.

Asubuhi iliyofuata hakuvaa tai. Aliketi upande ule ule wa meza na Gentille, bega kwa bega.

"Mwanangu," alisema, "baridi ya huku sijapata kuielewa. Simu inasema leo ni tano. Kwetu tano ni baridi, lakini mtu anatoka. Hapa ukitoka masikio yanakatika. Nieleze."

Gentille alimtazama kama anamchunguza. "Hiyo ni Fahrenheit, Baba. Different. Kuna formula ya kuigeuza iwe Celsius."

"Basi nionyeshe."

Waliitafuta. Unatoa thelathini na mbili, unazidisha kwa tano, unagawa kwa tisa. Hapo hapo ndani yake zimo zile sehemu zilizomshinda, na namba za chini ya sifuri pia. Ildephonse alichukua kalamu, akapiga hesabu haraka haraka kama alivyozoea.

"Voilà. Kumi na tano. Joto la kutosha."

Gentille alitazama karatasi. Alitazama dirisha, ambalo lilikuwa limeganda barafu kwa ndani. Akafungua mdomo, akaufunga. Ildephonse alijizuia asiseme lolote. Kwa mwalimu wa miaka kumi na moja, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba makasha ya kiwandani.

"Baba... siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo kumi na tano. Umetoa kinyume. Tano ukitoa thelathini na mbili unashuka chini ya sifuri. Ni kumi na tano, lakini chini. Negative." Sauti ilikuwa inapanda. "Umekosea, Baba!"

Ildephonse aliruka kwenye kiti, akamshika mabega, akacheka mpaka machozi. Jumapili ile Mukamana alichinja kuku. Alimnunua dukani, ameshanyonyolewa, lakini aliitwa kuku wa kuchinja.

Tangu hapo kila asubuhi walianza na hesabu ya baridi. Mwezi wa Machi Gentille aliifanya kichwani, akiwa anapiga mswaki. Alisoma vitabu vya maktaba kwa sauti, baba yake akiuliza maana za maneno, maana mengine kweli hakuyajua. Zipo siku walizogombana, na wiki moja ya Aprili hawakufika popote. Ephrasia aliwaambia ni kawaida.

Mwezi wa Mei Gentille alifanya mtihani waliokubaliana na ofisi. Matokeo yalikuja Jumamosi moja, wote wakiwa nyumbani. Ildephonse alifungua bahasha mwenyewe. Aliona namba 44. Kule Kongo, mtoto asiyefika hamsini amefeli, anarudia mwaka.

"Si kitu, mwanangu," alisema polepole. "Baba yako hajakata tamaa. Tutarudia."

Gentille alichukua karatasi, akaisoma, akaanza kucheka.

"Baba, hapana! Siyo asilimia ya maswali. Kaa chini."

Ildephonse akakaa. Gentille alichora vinukta ubaoni, mistari kumi ya vinukta kumi.

"Hawa ni watoto mia moja wa darasa la saba, kutoka nchi nzima. Wengi wamezaliwa na Kiingereza. Umeona? Sasa wapange kwa mstari. Mimi niko hapa." Akazungushia kinukta kimoja. "Hawa arobaini na nne wote wako nyuma yangu. Nyuma! Mimi niko katikati, Baba, kama watoto wengine."

Sauti yake ilijaa nyumba nzima. Mukamana alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Nani huyo anayepiga kelele?"

Ildephonse alikuwa ameshaelewa tangu mstari wa pili wa vinukta. Alijifuta macho kwa kiganja.

"Rudia hapo, mwanangu," alisema. "Mama yako hajasikia."