Macho ya Ciakuthii

Asubuhi moja huko Muthara, Angeline alimwinulia mtoto wake kijiko cha uji, lakini macho ya mtoto hayakukipata. Yalikwenda kushoto, juu, chini, yakarudi, upesi kama nzi aliyefungiwa chupani.

"Ciakuthii, tazama mama."

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Mutuma, mume wa Angeline. Bibi huyo alifariki mwezi mmoja kabla mtoto hajazaliwa.

Cicily, dada wa marehemu, ambaye Angeline alimwita shosho, yaani bibi, alipoyaona macho yale alishusha sauti. "Huyu si mgonjwa, Mama Ciakuthii. Ni mwenye jina, dada yangu. Alikufa bila kumwona mjukuu. Sasa anaangalia nyumba yake."

"Na akimaliza kuangalia, shosho?"

"Atatulia. Utamfukuzaje mama mkwe wako?"

Basi wakangoja. Wiki ya pili mikono ya mtoto ilianza kurukaruka. Wiki ya tatu hakuweza tena kusimama. Chumba kikanuka ugoro kama ule wa marehemu bibi, na tangu azikwe hakuna aliyenusa ugoro humo. Mchana mmoja mtoto alipolala, Angeline aliinama akaona kope zimefungwa lakini chini yake macho bado yanakimbia, yanakimbia bila kuchoka, kama mtu aliyefungiwa gizani anayepapasa kuta akitafuta mlango, na Angeline alipohema yakasimama kidogo, kama yanayosikiliza, kisha yakaendelea.

Alimfunga mgongoni, akampeleka mjini Maua kwa Mzee Barre, anayewasomea Kurani wenye majini. Barre alisoma, kisha akapitisha kiganja tumboni mwa mtoto.

"Mama, hapa kuna kitu kigumu kama kiazi kibichi. Kimbia hospitali. Nani alikwambia ungoje?"

Daktari alieleza kwamba ni uvimbe wa saratani. Kinga ya mwili, ikipigana nao, imekosea ikashambulia ubongo, mahali panapoongoza macho. Waliukata uvimbe, wakampa dawa ya kutuliza kinga. Macho yakatulia.

"Akipata hata homa ndogo, mlete," daktari alimwonya. "Hali hii inaweza kurudi."

Mwezi wa nne baada ya upasuaji, Ciakuthii aliamka na mafua. Angeline aliinua kijiko. Macho yakakipita.

"Mwenye jina amekuja tena kutusalimia," Cicily alinong'ona mlangoni.

Angeline alimweka mtoto mgongoni, akakaza leso. "Basi mwambie atupishe. Safari hii hatungoji."

Aliharakisha hadi barabarani, kuelekea hospitali, bila kugeuka. Harufu ya ugoro haikubaki nyumbani. Iliwafuata, na mgongoni mtoto akacheka, akimnyooshea mikono mtu ambaye Angeline hakumwona.