Kitufe cha Fundi Saa

Mwanamume aliingia dukani kwa heshima zote, akampiga kikumbo sanamu aliyevishwa gauni la njano, akamdaka bega asianguke, kisha akasema kwa unyenyekevu, "Samahani sana, dada."

Ilikuwa wiki ya punguzo la bei na duka lilifurika watu wanaogombea mashati. Mpambaji wa duka alikuwa amepiga magoti miguuni pa sanamu huyo, pini mdomoni, akipima upindo. Akazitema pini kiganjani.

"Huyo hajibu," alisema. "Ameajiriwa kusimama tu."

"Na wewe umeajiriwa kujibu?"

"Mimi nimeajiriwa kumvisha. Kujibu nafanya kwa hisani."

Hivyo ndivyo mapenzi yale makubwa yalivyozinduliwa rasmi, bila hotuba wala mgeni wa heshima. Mwanamume alikuwa fundi saa, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara na shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali ya kukatia mkate. Alikuja kununua kitambaa laini cha kufutia vioo. Aliondoka na namba ya simu, kitambaa akakisahau kaunta.

Simu ya mpambaji ililia kabla fundi hajafungua kibanda.

"Umevaa nini leo?" fundi aliuliza.

"Si umetoka kuniona sasa hivi?"

"Niliona uso. Uso ulinitosha."

Mpambaji alicheka mpaka akajichoma pini.

Lakini mapenzi yale yalikuwa na kasoro zake. Alipomnyooshea fundi mkono kwa pembeni, mkono ulibaki ukining'inia hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Walipoahidiana kukutana mgahawani, fundi alimpita palepale alipoketi, akaenda kusimama mbele ya friji ya soda akimngoja. Na jua likianza kushuka tu, aliaga na kukimbilia kwao. Shangazi ya mpambaji, mwenyekiti wa kudumu wa kamati ya kuchunguza wanaume, alisikiliza ushahidi wote huku akikuna kichwa kwa sindano ya kufumia, akatoa hukumu: mwanamume anayeliogopa giza hivyo ana mke.

Mpambaji akavuka barabara akiwa amekunja sura.

"Mkeo anapakua saa ngapi," aliuliza, "tusije tukakuchelewesha?"

Fundi alivua lenzi ya kukuzia aliyokuwa ameibana jichoni. Alichukua karatasi, akaikunja ikawa mrija mwembamba, akampa auweke jichoni, na akamwambia atazame. Mpambaji aliona saa iliyofunguliwa mezani, kila jino la kila gurudumu, wazi kabisa. Hakuiona meza. Hakumwona fundi.

"Mchana naona hivyo," fundi alisema. "Usiku, mrija wenyewe umejaa wino."

Kisha akamsimulia. Ulikuwa ugonjwa wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ulikuwa wa kurithi. Mjomba wake alianza hivyohivyo, na sasa aliijua nyumba yake kwa viganja. Familia nyingine hurithishana mashamba, wao walirithishana giza. Ila daktari wake alikuwa na dawa. Haikurudisha kilichokwisha kwenda. Kazi yake ilikuwa kupunguza mwendo wa kinachoenda. Alikuwa ameanzishiwa kipimo kidogo cha dawa hiyo, kwa kuwa kile kikubwa huchokoza ini, na macho yakionekana kuendelea kufifia angeongezewa.

Mpambaji alilia, akacheka kwa ajili ya yule mke aliyebuniwa na shangazi, akalia tena. Ndipo akasema maneno ambayo baadaye angetamani kuyameza.

"Baba alipopofuka nilimshika mkono mpaka siku tunamzika. Sina nguvu za kurudia, mpenzi. Dawa ikishika, nioe hata kesho."

Dawa ikashika. Fundi kila alipotoka kliniki alipiga simu akitangaza matokeo kwa sauti ya msimamizi wa mitihani: mtahiniwa amefaulu, hajashuka hata kidogo. Mpambaji akazoea kuvaa njano ili apatikane kwa urahisi, akatembea mitaani kama kifaranga aliyekomaa, wala hakuona haya. Wazee wakakutana. Fundi akaendelea kuangusha vikombe.

"Kliniki wanasema hujambo," mpambaji alimtania. "Vikombe vyenyewe vinasemaje?"

"Vikombe vina wivu, laazizi."

Harusi ilipokaribia, mpambaji aliomba kumsindikiza kwenye kipimo cha macho. Muuguzi akamruhusu aketi pembeni. Mashine ilikuwa kuukuu, bakuli jeupe kubwa la kutumbukiza uso. Mgonjwa huweka kidevu, huzibwa jicho moja, hutazama katikati, na kila anapoona kinuru kidogo kikiwaka pembezoni hubonyeza kitufe. Muuguzi alikaa nyuma ya mashine akitazama skrini yake. Kutoka kwenye kiti cha pembeni, mpambaji aliuona uso wa mchumba wake.

Jicho lisilozibwa lilikuwa limefumbwa.

Kidole kilibonyeza. Kikatulia, kikabonyeza tena, bila kukosea. Uso ulikuwa umeinama kidogo upande wa sikio, kama anavyoinama akisikiliza saa ya mteja.

"Vizuri sana," alisema muuguzi.

Walipofika kwenye korido, mpambaji alimsimamisha ukutani.

"Ulifumba jicho."

Fundi alinyoosha mkono wa shati uliokuwa tayari umenyooka.

"Ulifumba jicho, na ulikuwa unabonyeza."

"Inalia kabla ya kuwasha," fundi alisema taratibu. "Tiki ndogo sana. Mara nyingine inalia bila kuwasha taa, kukamata waongo, lakini hiyo ni nyepesi kidogo. Kama saa yenye jino lililolika. Niliisikia tangu kipimo cha kwanza, nikaamua kuitumia siku ileile tuliyozungumza kibandani."

"Kwa hiyo daktari hajakuongezea dawa."

"Hana sababu."

"Karibu mwaka mzima."

"Ulisema dawa ikishika," alijibu. "Nilifanya kwa ajili yako, laazizi."

Hapo hakukuwa na cha kutania. Mpambaji aligonga mlango wa daktari mwenyewe, akaeleza yote mbele ya fundi aliyetazama sakafu. Dawa iliongezwa siku hiyohiyo. Kilichopotea mwaka ule, daktari alisema, hakirudi.

Nje mpambaji alivua pete ya uchumba aliyokuwa amepewa, akamrudishia fundi kidoleni, ikakwama kwenye kifundo.

"Sharti nililiweka mimi, najua," alimwambia. "Ndiyo maana siwezi. Kila ukijikwaa nitasikia jina langu."

Fundi alipiga simu wiki nyingi. Iliita, ikachoka.

Habari alizileta shangazi, sasa akiwa mpole ajabu: kipimo kikubwa cha dawa kilikuwa kimeshika. Kweli, safari hii. Mrija umeacha kufinyaa.

Asubuhi moja, mpambaji akiwa dirishani mwa duka, magoti chini na pini mdomoni, fundi alikuja na fimbo nyeupe. Alisimama mbele ya sanamu. Gauni lilikuwa la njano.

"Samahani, dada," alisema, akatabasamu, akangoja.

Mpambaji alikuwa hapohapo, hatua moja pembeni, mahali ambapo kwa macho ya fundi hapakuwa na kitu. Pini zilimchoma ulimi. Hakuzitema. Alibaki ametulia, kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mpaka fimbo ikavuka barabara.