Chaki Mkononi mwa Kamusi

"Umekosa tena," Mwalimu alisema, akiisukuma karatasi juu ya meza.

Nesi aliinama kuitazama, bado yuko na sare zake za wodini. Wanafunzi wengine wa darasa la jioni la Kiingereza walishakwenda zao. Sentensi ilikuwa ile ile: vitanda vya wodini hutandikwa kila asubuhi. Kila asubuhi, jamani! Hata mtoto angeandika "are made". Yeye kaandika "have been made", kama vile vimeshatandikwa na kazi imekwisha. Na ile ya chini yake, ambayo kitanda kimeshatandikwa na mgonjwa anangoja kulala, kaigeuza kinyume.

"Nitajaribu tena kesho," alisema.

Kesho yenyewe haikuwepo. Mkuu wa kituo alishakata shauri mchana ule: mwanafunzi huyu haelewi hapa, ahamishiwe kwa mwalimu mwingine, mtaa wa pili. Mwalimu ndiye aliyepewa kazi ya kumwambia, na tangu mchana alikuwa akiahirisha.

Simu iliita, dada yake. Akatoka barazani kuipokea, akamweleza yaliyomsibu.

"Nani haelewi?" dada aliuliza. "Kamusi? Kamusi yule yule wa shuleni?"

"Miaka imepita, dada. Kaolewa, kafiwa na mume, kazi zimemwandama. Mtu husahau."

"Atasahau aliyofundishwa. Aliyokufundisha wewe hawezi kuyasahau, mdogo wangu. Na mimi sipeleki tena ujumbe wa mtu. Kaongee mwenyewe."

Akakata. Mwalimu alibaki amesimama, moyo unarudi nyuma. Ah, siku zile! Yule binti, ndiye Nesi huyu, walimwita Kamusi, na yeye Mwalimu wakamwita Bubu, wakakalishwa dawati moja karibu na dirisha. Ni Kamusi aliyemfafanulia somo hili hili, kwa subira, mpaka likamwingia. Naye Bubu mapenzi yalipomzidi, akamtuma dada yake akamsemee. Jibu likarudi fupi: aje mwenyewe. Hakwenda. Alijitia bado anatafuta maneno, na alipoyapata, binti keshaposwa na mwingine. Watu wakimuuliza kwa nini hakuoa, husingizia kazi.

Alirudi ndani, akamkabidhi Nesi chaki, na yeye akaenda kukaa dawatini.

"Nifundishe," alisema. "Mimi ndiye sijaelewa."

Nesi aliipokea chaki. Kisha akageukia ubao, na mkono ukaenda wenyewe.

"Kengele inagongwa kila siku," alisema, akaandika "is rung". "Hiyo ni kawaida yake, haina habari mpya. Lakini ukifika ukakuta wenzako wako ndani, ujue kengele imeshagongwa." Akaandika "has been rung". "Imegongwa wewe hupo, ila taabu yake unayo sasa hivi."

Maneno yale yale ya dirishani, hata mkono wa kushoto kauweka kiunoni vile vile. Machozi yakamlenga Mwalimu.

"Kumbe unajua."

"Najua."

"Muhula mzima unakosa makusudi?"

"Ningepata zote, ningerudi hapa kufanya nini?" alisema. "Umesahihisha karatasi zangu zote, Bubu. Hukuniuliza hata mara moja nina nini."

Zamani angeinamisha kichwa, akafikiria nani wa kumtuma. Safari hii aliinuka, akaenda mpaka pale ubaoni.

"Nakupenda," alisema. "Nilikupenda tangu pale dirishani, na sijaacha hata siku moja. Ukinikubali, nataka nikuoe."

Nesi alijifuta machozi kwa kiganja, akajipaka chaki shavu zima.

"Kengele imeshagongwa, unajua," alisema taratibu. "Tumechelewa."

"Najua."

"Basi tuingie hivyo hivyo."

Ujumbe wa dada ukaingia kwenye simu: "Umesema?" Kabla Mwalimu hajajibu, Kamusi alimpokonya simu, akaandika: "Kasema, wifi. Kwa mdomo wake mwenyewe."