Mti wa Mama Uliorudi Dirishani

Kila asubuhi Fundi Saa alifungua dirisha la chumba cha mbele. Alifuta meza yake kwa kitambaa laini, kisha akavaa lenzi jichoni. Juu ya meza kulikuwa na koleo ndogo, bisibisi nyembamba, na makopo ya skrubu ambazo mtu akipiga chafya zinapotea. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka arobaini na mbili. Watu wa mtaa walimwita Fundi Saa, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Pale dirishani palikuwa na kiti cha pili. Zamani mke wake alikaa hapo akifuma sweta. Mbele yake, kwenye ukingo wa dirisha, ulikaa mti. Ulikuwa na shina nene lililopinda, matawi, majani yanayong'aa na kivuli chake, lakini urefu wake ulikuwa shibiri mbili tu. Mti wa namna hiyo huitwa bonsai. Neno hilo ni la Kijapani, na maana yake ni mmea ndani ya sinia.

Mti huu ulikuwa wa jamii ya mkuyu. Mkuyu ukiachwa porini hupita paa la nyumba. Huu uliishi ndani ya chombo bapa cha udongo, na haukulalamika. Mama wa nyumba hiyo aliuanza kwa kijiti cha urefu wa kalamu, mwaka ule binti yao alipong'oka jino la kwanza.

"Wenzako wanafuga kuku," Fundi alikuwa akimtania. "Wewe unafuga mti."

"Kuku hanisikilizi," mkewe alimjibu. "Mti nikiukata hapa, unachipua pale ninapotaka. Wewe mwenyewe hujanisikiliza hivyo hata siku moja."

Mama alikuwa na tabia moja. Sindano yake kuukuu ya kufumia, iliyotengenezwa kwa mbao, aliichomeka kwenye udongo wa mti. Kila asubuhi aliichomoa, akajigusa nayo shavuni, akairudisha. Siku nyingine alimwagilia baada ya hapo. Siku nyingine aliacha. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Walidhani ni mambo yake tu.

Kisha mama akaugua, akafariki.

Shangazi, dada yake Fundi, alihamia pale ili kaka yake asile mkate mkavu. Yeye ndiye aliyepanga vitu vya marehemu. Nyuzi alizikunja. Sindano zote alizitia kwenye droo, pamoja na ile ya mbao. Mti nao aliutoa dirishani, akauweka juu ya kabati kwenye pembe ya ndani, kando ya picha ya mama.

"Wakae pamoja," alisema.

Wote waliona amefanya vizuri.

Baada ya miezi michache majani yakaanza kuwa ya njano na kuanguka. Binti, ambaye alikuwa karani wa posta, alirudi jioni akayafagia. Siku moja alisimama na ufagio mkononi.

"Baba, leo yameanguka saba."

"Nimeyaona."

"Sijui yamebaki mangapi."

"Kumi na moja," Fundi alisema. Alikuwa ameyahesabu mara mbili.

Shangazi akajaribu kumtuliza. "Mti huu ukifa, kaka, tutanunua mwingine. Sokoni ipo mizuri."

Fundi alivua lenzi yake. "Dada, nguo zake zipo kabatini. Viatu vyake vipo. Kikombe chake kipo. Vyote vimebaki vilevile. Kitu alichoacha kinachokua ni huu mti tu. Nitanunua wapi mwingine?"



Wiki hiyohiyo akaja Mama Mikasi kuchukua saa yake. Mama huyu alikuwa mtunza bustani. Alihudumia miti na maua yanayowekwa ndani ya ofisi kubwa, na mikasi haikukosa mfukoni mwa aproni yake. Ndiyo maana aliitwa hivyo. Aliketi, akavaa saa, kisha jicho lake likaenda kwenye kabati.

"Fundi, ule mti unaumwa."

"Unaweza kupona?"

"Ngoja niuulize." Alikwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani. "Bado uko hai. Nani anaumwagilia?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Mimi," alisema Shangazi.

"Mimi," alisema binti aliyekuwa anaingia mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nielezeni vizuri. Mnapokezana?"

Wakatazamana. Fundi alimwagilia alfajiri, kabla wengine hawajaamka. Shangazi alimwagilia mchana, akidhani kaka yake hawezi kuutazama kwa uchungu. Binti alimwagilia usiku kabla ya kulala. Kila mmoja aliogopa kwamba wengine wamemsahau mama, na kila mmoja alifanya kimyakimya ili asiwaaibishe.

Mama Mikasi hakucheka. "Mmeuzamisha kwa mapenzi," alisema. "Angalieni. Kisahani cha chini kimejaa maji. Mizizi inataka hewa kama mimi na wewe. Ikikaa majini, inaoza. Mizizi ikioza, majani hayapati maji hata kama udongo umelowa. Halafu, Fundi, ungeweza kutengeneza saa hapa kwenye pembe?"

"Hapa? Hata mshale wa dakika sitauona."

"Basi mti nao una kazi. Hutengeneza chakula chake kwa mwanga. Umeuweka gizani, unataka ufanye kazi vipi?"

Waliurudisha dirishani. Hapo kwenye meza ya Fundi, Mama Mikasi aliutoa mti taratibu kutoka kwenye chombo chake. Udongo ulinuka kama kitambaa kilichosahaulika ndooni. Mizizi myeusi iliyolegea aliikata yote. Mizizi myeupe iliyo imara aliiacha.

"Udongo wa shamba ni mzito kwa chombo kifupi kama hiki," alieleza. "Ponda matofali yawe chembe ndogo kama punje za mtama. Chekecha vumbi litoke. Changanya na mchanga mnene na mboji kidogo. Maji yatapita, hewa itabaki. Na msiutie mbolea sasa. Mgonjwa hashindiliwi chakula."

Halafu aliona waya. Tawi moja lilikuwa limezungushiwa waya mwembamba wa shaba, na waya ulikuwa umeanza kuzama kwenye gome. Alitoa mikasi.

"Huo uache!" Fundi alishika mkono wake. "Aliufunga mwenyewe. Wiki moja kabla ya kulazwa."

Mama Mikasi akaweka mikasi mezani.

"Sikiliza, Fundi. Waya hufungwa ili tawi lijifunze kupinda. Hukaa miezi michache, kisha hutolewa. Anayeufunga anajua kwamba ataufungua. Mkeo hakupata nafasi tu. Ukiuacha, waya utalikata tawi lake."

Fundi akavaa lenzi, akachukua koleo yake ndogo ya kukatia.

"Usiuzungushe kuutoa, utavunja tawi," Mama Mikasi alimwambia. "Kata pete mojamoja."

"Mimi ninakata springi nyembamba kama unywele," alijibu kwa majivuno kidogo. Lakini pete ya kwanza aliikata polepole. Zilikuwa pete tisa. Alizitia zote kwenye kopo tupu la skrubu.

Mti ulipandwa upya kwenye mchanganyiko huo.

"Sasa tutajuaje siku ya kumwagilia?" binti aliuliza. "Mara moja kwa wiki?"

"Mti hausomi kalenda. Siku za joto hunywa sana, siku za baridi kidogo. Nipeni kijiti kikavu cha mbao. Unakichomeka kwenye udongo mpaka chini. Asubuhi unakichomoa, unakigusisha shavuni. Kikiwa baridi na unyevu, acha. Kikikaribia kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha mwaga yaliyobaki kisahanini."

Binti alimtazama baba yake. Shangazi alikuwa ameshaondoka. Walisikia droo ikifunguliwa.

Alirudi na sindano ya mbao. Upande mmoja ulikuwa na rangi ya kahawia, urefu wa kidole, alama ya udongo wa miaka mingi.

"Mimi ndiye niliyeichomoa," alisema. "Nikaifuta. Nilidhani aliisahau pale."

"Usijilaumu, dada," alisema Fundi. "Mimi nilikaa naye meza moja miaka yote hiyo. Nilidhani anajikuna."

Shangazi alicheka huku akifuta machozi kwa kanga.

Hapo Fundi akakubali kwamba mtu mzima anaweza kujifunza. Kila wiki aligeuza chombo kidogo ili kila upande upate mwanga. Feni aliisogeza mbali, kwa sababu upepo wake hukausha majani. Wiki ya sita kichipukizi kilitokea, kikafuatwa na vingine. Matawi mapya yalipofika majani sita, aliyakata yabaki na majani mawilimawili, kama alivyoelekezwa, na utomvu mweupe ukatoka. Kipande kimoja Shangazi alikichomeka kwenye kikopo, kikaota mizizi. Sasa kiko kwenye dirisha la jikoni, na haruhusu mtu kukigusa.

Mwaka ulipita. Mti ulikuwa na kivuli tena. Kwenye lile tawi ilibaki mistari tisa myembamba, alama za waya.

Asubuhi moja binti alimkuta baba yake dirishani, amekaa kwenye kiti cha pili. Mkono mmoja ulishika bilauri ya maji. Mwingine ulishika sindano, ameigusisha shavuni, amefumba macho.

"Baba, anasemaje?"

"Anasema leo bado."

Aliirudisha sindano kwenye udongo. Kisha maji yale akayanywa mwenyewe.