Mume Wangu Alisema Yuko Kisima Namba 31

Mwanamke aliyenifungulia geti alikuwa amevaa fulana ya mume wangu.

Sisemi fulana inayofanana na ya mume wangu. Ya mume wangu! Ile ya kijivu, ya kazini, yenye mshono mweupe begani niliouweka mimi mwenyewe, kwa kuwa siku ile uzi wa kijivu ulikuwa umeniishia.

Nikautazama mshono. Nikamtazama yeye. Nikautazama tena mshono...

"Karibu, dada," akasema. "Unamtafuta nani?"

Nyuma yangu, wifi yangu akaufunga mlango wa teksi yake kwa kishindo.

"Anamtafuta mwenye hiyo fulana!"

Ndugu zangu mnaosoma, naomba twende kwa mpangilio. Mimi ni mwalimu wa jiografia, huu ni mwaka wangu wa kumi na saba ubaoni, na siwezi kuendelea mbele kabla sijawaeleza nilifikaje kwenye geti lile.

Mume wangu ni fundi wa kuziba visima. Visima vya mafuta na gesi vikimaliza kazi haviachwi wazi. Humiminiwa saruji, bomba likakatwa chini ya ardhi, udongo ukarudishwa juu, na anayepita hapo baadaye hajui kama palikuwa na kitu.

Kwa kazi ya mikono, mume wangu hana mpinzani. Kwa kalamu... mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino. Ndiyo maana tangu tuoane, kila karatasi ya nyumba yetu naiandika mimi. Barua, maombi, hata fomu zake za kazini. Yeye hutia sahihi tu, na hata hiyo sahihi humtoa jasho.

Sasa, miezi mitatu iliyopita alianza safari za ajabu. Kila Jumatano anaondoka, Ijumaa anarudi.

"Kisima Namba 31, Mwalimu," ananiambia. (Nyumbani huniita hivyo.) "Kuna marekebisho kidogo."

Anarudi hali chakula. Anazunguka barazani kama mtu aliyepoteza funguo. Anakaa, anasimama, anachungulia dirishani, anakaa tena.

"Una nini, mume wangu?"

"Sina kitu."

"Mbona hutulii?"

"Nimetulia, Mwalimu. Huoni nimetulia?"

Huku mguu unacheza chini ya meza!

Jumatano ile nilikuwa katika chumba cha walimu, naandaa somo la ramani. Kuna kanzidata ya visima vyote vya mafuta na gesi, iko wazi mtandaoni kwa mtu yeyote. Unaandika namba ya kisima, ramani inakuletea nukta nyekundu, mahali kilipo, na hali yake.

Nikaandika 31. Kwa mapenzi tu, wasomaji wangu! Nilitaka kuona mume wangu yuko upande gani wa dunia.

Yakaja maandishi.

HALI: KIMEZIBWA. MIAKA MINANE ILIYOPITA.

Nikasoma mara ya pili. Nikafuta miwani, nikasoma mara ya tatu.

Marekebisho gani yanafanywa miezi mitatu kwenye kisima kilichozibwa miaka minane?

Nikapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kazini, Mwalimu. Thelathini na moja."

Na hapo, nyuma ya sauti yake, nikasikia sauti ya mwanamke. Laini. Ya mtu aliyezoea.

"Mzee wa Pua! Chai yako inapoa!"

Simu ikakatika.

Mzee wa Pua! Miaka kumi na mitatu ya ndoa, mimi sijawahi kumpa hata jina la utani!

Nikampigia wifi yangu. Huyu ni mdogo wa mume wangu, tumbo moja, anaendesha teksi, na mdomo wake hauna breki kama gari lake lilivyo nazo.

"Wifi, usilie," akaniambia. "Vaa viatu vya kukimbilia. Nakuja."

"Lakini ni kaka yako..."

"Kaka yangu nitamlilia baadaye. Kwanza tumkamate!"

Tukaifuata ile nukta nyekundu kwa simu. Lami ikaisha, vumbi likaanza, vumbi nalo likaisha. Tukashuka, tukatembea mpaka alama yangu ikakaa juu ya nukta.

Kichaka. Kichuguu kimoja. Hakuna pikapu, hakuna vyombo vya kazi, hakuna hata alama ya tairi.

"Ndipo hapa?" wifi akauliza.

"Ndipo. Tumekanyaga nukta yenyewe."

Akainama, akakigonga kichuguu kwa ufunguo wa gari.

"Kaka! Toka, mkeo amekuja!"

Ningecheka, kama ingekuwa siku nyingine. Alinidanganya kuhusu kazi, na alinidanganya kuhusu mahali. Kilichobaki ni kujua yuko kwa nani.

Tuliporudi barabara kuu, wifi akasimama kwa mziba pancha.

"Kaka, samahani. Pikapu nyeupe, mlango mmoja wa bluu. Umewahi kuiona?"

Mziba pancha akacheka hadi meno ya nyuma yakaonekana.

"Mzee wa Pua? Si huyo anayepiga magoti na kunusa viwanja vya watu! Kila Jumatano anajaza upepo hapa. Nendeni mbele, kama kilomita tisa, mtaa mpya. Geti la kijani, kwa fundi cherehani."

Kwa fundi cherehani... Na mimi nimehangaika na uzi mweupe!

Basi ndivyo nilivyofika mbele ya lile geti na ile fulana. Sasa tuendelee.

"Yuko wapi?" nikamuuliza yule mwanamke.

"Mzee wa Pua? Yuko stoo, nyuma. Lakini dada, ngoja kwanza..."

Sikungoja. Nikapita katikati ya uwanja. Niliona cherehani imetolewa nje, maboksi yamefungwa kamba, bibi mmoja ameketi kwenye kiti na mjukuu mapajani. Niliona, lakini akili haikuelewa nilichokiona. Nilikuwa natafuta mlango mmoja tu.

Nikausukuma. Ndani giza, chumba hakina dirisha. Nikasikia mtu anapumua chini sakafuni. Nikapapasa ukutani, kidole kikafika kwenye swichi...

"USIWASHE!"

Ilikuwa sauti ya mume wangu. Sijawahi kuisikia vile.

"Nisiwashe nini? Unaficha nini humo ndani?"

"Mwalimu, toa mkono kwenye swichi! Toa mkono, nakuomba!"

Akanirukia, akanishika kifundo cha mkono, akanivuta nje hadi uwanjani. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kijisanduku cha manjano kinacholia bila kupumzika. Ti-ti-ti-ti-ti...

"Hiki ni kipimo cha gesi," akasema, pumzi zikimkata. "Ungebonyeza ile swichi, cheche moja tu ingetosha. Tusingekuwa na cha kuzungumza."

Nikakaa juu ya boksi.

Wifi akarudi nyuma hatua mbili, macho kwenye mlango wa stoo.

"Gesi inatoka wapi?" nikauliza.

"Kisima Namba 31."

"Namba 31 tumetoka huko sasa hivi! Ni kichaka!"

"Hapana, Mwalimu." Akaelekeza kidole kwenye sakafu ya stoo. "Namba 31 ni hapa. Nilikiziba kwa mikono yangu. Lile jiwe lenye ufa pale ukutani, nilikuwa nalikalia nikila. Miezi mitatu iliyopita nilipita njia hii, nikaliona jiwe langu liko ndani ya uwanja wa mtu, na juu ya kisima kuna nyumba. Saruji yangu imepasuka. Gesi inapanda."

"Na hii fulana?"

Fundi cherehani akajibu mwenyewe, kwa aibu. "Dada, nguo zangu zote ziko kwenye maboksi. Niliyokuwa nimevaa imeloa tope la shimo alilochimba. Akanipa hii. Kama ni yako, samahani."

Nilitamani ardhi inimeze. Ila kwa ardhi ile, nikaona niiache tu.

"Miezi mitatu," wifi akasema, "na bado wanaishi humu?"

"Amekuwa akiniambia nihame," fundi cherehani akasema. "Kila wiki. Nikamzoea kama mtu mwenye wazimu wa upole. Mimi kabla ya kununua kiwanja niliangalia, dada. Ile ramani ya visima. Hapa palikuwa peupe, hakuna nukta. Nihame kwa pua ya mtu, na ramani inasema pako salama? Leo ndiyo mama ameamka kichwa kinamgonga, na mtoto anatapika. Ndipo nikakubali kufunga mizigo."

Nikamgeukia mume wangu.

"Kwa nini hukutoa taarifa? Miezi mitatu! Kuna mtoto humu!"

Akatazama chini.

"Uliogopa kufungwa?"

Akapangusa tope kwenye kipimo kwa kidole gumba.

"Kaka, sema!" wifi akamkemea.

"Nilidhani nitaweza kuiziba mwenyewe," akasema. "Twende nyumbani, Mwalimu. Nitakueleza."

Mwalimu gani anakubali jibu la namna hiyo? Nikatoa simu, nikafungua kanzidata, nikaandika 31. Chini kabisa palikuwa na neno ambalo asubuhi sikulibonyeza, kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichotaka kukiamini: FOMU YA AWALI.

"Usifungue," mume wangu akasema taratibu.

Nikafungua.

Ilikuwa picha ya karatasi ya zamani. Chini, sahihi ya mume wangu, imepinda kama msumari. Na juu yake, safu za tarakimu zilizonyooka... saba zenye mkato katikati, sifuri za mviringo kamili.

Mwandiko wangu!

Nikakumbuka. Fomu arobaini na mbili, nilizozinakili kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye daftari lake lenye madoa ya matope. Yeye alipima kwa nyuzi na dakika. Fomu ilitaka nyuzi na nukta, yaani desimali. Nyuzi moja ina dakika sitini, kama saa. Dakika kumi na mbili ni sehemu ya tano ya nyuzi, yaani nukta mbili. Jambo hili nimelifundisha miaka kumi na saba, na anayelikosea namrudisha ubaoni.

Kwenye fomu ya 31, dakika zake kumi na mbili mimi nimeziandika nukta kumi na mbili.

Kosa la tarakimu moja. Ardhini ni kilomita tisa. Ni karibu umbali uleule tuliouendesha kutoka kwa mziba pancha mpaka kwenye geti la kijani.

Mume wangu hakuwa amenidanganya hata siku moja. Alisema yuko Kisima Namba 31, na alikuwa Kisima Namba 31. Iliyosema uongo ni ramani, na ramani ilisema nilichoiambia mimi.

"Ulijua ni mwandiko wangu," nikamwambia.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Wakifungua faili, wataita aliyeandika. Nilitaka kirekebishwe bila jina lako kuguswa."

Wasomaji wangu, nilimpenda kwa neno hilo. Na kwa neno hilohilo nilitaka kumzaba kofi! Mtoto wa mtu amelala miezi mitatu juu ya gesi, ili mimi nibaki mwalimu asiyekosea!

Nilifanya yote mawili. Nilimkumbatia, kisha nikamwambia mbele ya wote kwamba amekosa, na nimekosa, na kosa lake ni kubwa kuliko langu kwa sababu yeye alijua.

Halafu nikapiga namba ya dharura. Kwenye kanzidata kuna sehemu ya kuripoti kosa. Nikaijaza palepale. Mahali pa jina la mripoti nikaandika langu. Mahali pa chanzo cha kosa nikaandika langu tena.

Wifi akambeba bibi hadi kwenye teksi kama yai. "Leo hakuna nauli," akasema, "ila mkitapika ndani ya gari langu mtanikoma."

Saa mbili baadaye mtaa mzima ulikuwa umehamishwa. Mtaalamu wa dharura, aliyekuja na kipimo kikubwa, alituambia kuwa stoo ile isingesubiri Jumatano nyingine.

Mume wangu amesimamishwa kazi, uchunguzi unaendelea. Mimi nimeitwa kuhojiwa mara mbili, na mwalimu mkuu hunisalimia kwa kifupi siku hizi. Sawa. Fundi cherehani anaishi kwetu na familia yake mpaka apewe kiwanja kingine. Fulana aliirudisha, imefuliwa, na ule mshono wangu mweupe ameufumua na kuushona upya kwa uzi wa kijivu.

Ninachowaomba ni hiki. Unapoona nukta kwenye ramani, kumbuka kuna mtu aliyeiandika, labda akiwa amechoka, labda akijiamini kupita kiasi. Na kabla hujaenda kumfumania mwenzako, fungua kwanza fomu ya awali.

Nukta ya 31 imehamishwa. Fomu nyingine zote nimezikagua mara tatu, na kwenye karatasi hazina kosa. Lakini karatasi hainipi tena usingizi. Kila Jumamosi mimi, mume wangu na wifi tunapanda teksi na kwenda kusimama juu ya kila nukta, mume wangu ananusa, mimi nasoma tarakimu.

Zilikuwa arobaini na mbili. Tumesimama juu ya thelathini na nane.

Leo ni Jumamosi. Wifi anapiga honi nje, na mimi bado sijavaa viatu...