Mainza wa Mbele

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mainza alipanga foleni ya maji kwenye bomba la mkono la mtaa wao, pembeni mwa mji wa Choma. Ndoo zilisogea polepole, lakini miguu yake haikujua kungoja. Hatua mbili mbele, moja nyuma, mabega yakitikisika kidogo kidogo. Kandambili zake zilipiga vumbi kama ngoma ndogo.

"Haya, wa mbele ameanza!" wanawake walicheka. "Mainza, tuombee foleni iende!"

Alipenda kuitwa hivyo. Kwa miaka mitatu alikuwa akiongoza mstari wa Stella, wasichana wa magauni meupe na mikanda ya buluu waliocheza mbele ya altare kila Jumapili. Ngoma zilipolia, yeye ndiye aliyeingia wa kwanza kupitia mlango mkubwa, na kanisa zima likapiga vigelegele.

Nyumbani kila mtu alikuwa na sifa yake. Kaka yake Muchindu alikuwa hodari wa hesabu, hata mwalimu mkuu aliwahi kuja kumpa baba mkono. Dada yake alishona nguo zikavaliwa harusini. Mainza, darasani, alikuwa wa kuinamisha kichwa akiomba asiulizwe swali. Lakini Jumapili alikuwa Mainza wa mbele, na hilo lilimtosha wiki nzima.

Siku moja, baada ya mazoezi, Mama Mudenda alimwita kando. Huyu ndiye aliyekuwa mlezi wa Stella, mama mnene mwenye sauti nzito, na wasichana wote walimwita Mama Mlezi.

"Mwanangu, uko darasa la saba sasa," alisema. "Desturi yetu unaijua. Mkubwa huwaachia wadogo. Sikukuu ya parokia ataongoza Chipego. Nataka wewe umfundishe."

Chipego alikuwa na miaka tisa na pengo la meno mawili. Tangu ajiunge na Stella alikuwa akimfuata Mainza kama kifaranga.

"Sawa, Mama Mlezi," Mainza alijibu, akipiga goti kwa heshima.

Twaambo, msichana wa darasa lake ambaye hakukosa neno kwa jambo lolote, alikuwa amesikia kila kitu. "Pole, bibi!" alimwambia. "Gauni lenyewe limeshakuwa blauzi. Ulidhani utatikisa mabega pale mpaka uzae?"

Wasichana waliangua kicheko. Mainza naye alicheka, akavuta gauni lake chini. Lakini njiani kurudi nyumbani swali moja halikumwacha. Kama mimi si wa mbele, basi mimi ni nani?

*

Kwa sikukuu hiyo Mama Mlezi alikuwa ametunga mchezo mpya. Kitabu cha Injili kingeletwa ndani ya ungo, juu ya kichwa cha Mama Muleya, mmoja wa kina mama wa parokia, kikiwa kimezungushiwa mtama. Stella wangemtangulia. Wakifika karibu na altare, ngoma ndogo ikinyamaza, mstari ungegawanyika pande mbili, na aliyeongoza angepiga goti pembeni ya ngazi ili Kitabu kipite.

Kabla Mama Mlezi hajawaonyesha wote, habari zilimfikia kwamba kaka yake amefariki huko Namwala. Aliondoka siku ileile. "Nakuachia wewe," alimwambia Mainza akiwa tayari na kifurushi mkononi. "Yale ya mwisho umeyashika? Ngoma ikinyamaza, Chipego apige goti pembeni."

"Nimeyashika, Mama Mlezi."

Jioni hiyo Chipego alikuja uani kwao, akiwa amefunga kanga ya mama yake kiunoni badala ya mkanda. Alicheza vizuri. Alicheza vizuri kuliko Mainza alivyotarajia, tena bila kuhangaika, kama mtu anayepumua.

"Halafu mwisho nafanyaje, dada Mainza?"

Mainza alitazama chini. Maneno aliyokuwa amekusudia kuyasema yalikuwa mdomoni tayari. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Ngoma ndogo ikinyamaza, geuka nyuma. Mlaki Mama Muleya. Zunguka mbele yake."

"Nisipige goti?"

"Hapana. Zunguka haraka haraka."

Hakutaka litokee jambo baya. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alitaka tu Chipego apotee kidogo, watu wanong'one kwamba bado hajakomaa, na Mama Mlezi aseme, "Mainza, rudi mbele." Basi. Jumamosi walipofanya mazoezi hakukuwa na ungo wala Mama Muleya, kwa hiyo Chipego alizunguka mbele ya hewa tupu na hakuna aliyeona kosa.

Jumapili Mama Mlezi aliwasili Misa ikianza, viatu vikiwa bado na vumbi la safari, akasimama karibu na mlango. Ngoma zililia. Chipego aliingia wa kwanza, na vigelegele vikajaa kanisani. Mainza, aliyekuwa nyuma ya mstari kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, alisikia vigelegele vile vikimwendea mtu mwingine.

Ngoma ndogo ikanyamaza. Mstari ukagawanyika. Chipego akageuka kwa furaha, mikono ameinyanyua, akazunguka haraka haraka kama alivyofundishwa, akampiga Mama Muleya kifuani.

Ungo uliinama. Kitabu kikateleza, kikaanguka sakafuni kwa kishindo, na mtama ukamwagika mpaka chini ya viti.

Padri alishuka ngazi, akakiokota Kitabu, akakibusu. Chipego alikuwa amesimama katikati ya mtama, mikono bado juu. Kisha akatoka mbio, akilia kwa sauti, mlango mkubwa ukajibamiza nyuma yake.

Mainza alitazama sakafu mpaka Misa ikaisha.

*

"Kosa ni langu," Mama Mlezi alisema nje. "Sikupaswa kumbebesha mtoto mdogo mzigo ule wakati mimi sipo. Mainza, Jumapili ijayo utaongoza wewe, mpaka tutakapoona."

Alikuwa amelipata alilolitaka. Alingoja moyo wake ufurahi, na moyo haukufurahi. Alihisi uso ukimwaka, kana kwamba kila aliyempita alikuwa akisoma jambo lililoandikwa kwenye paji la uso wake. Twaambo alimpiga bega. "Umerudi kitini, mheshimiwa!" Mainza akamsukuma mkono.

Jumanne asubuhi, kwenye foleni ya maji, alikuwa mbele yake mama yake Chipego. Mama huyo hakuwa akizungumza naye. Alikuwa akimsimulia jirani.

"Hata maziwa mgando anayoyapenda hataki. Shule haendi. Nikimwuliza ananiambia, 'Mama, nimemwangusha Mungu.' Jana nimemkuta amejificha chini ya kitanda, anasema Mungu akimwona atakumbuka kosa lake."

Jirani alisikitika. Ilipofika zamu ya Mainza, hakupiga bomba. Aliiacha ndoo palepale, akaondoka mbio.

Alimkuta Mama Mlezi ameketi kwenye mkeka mlangoni, akibangua karanga, shuka nyeusi ya msiba begani. Mainza alipiga goti, akapiga makofi taratibu kama ilivyo desturi ya kusalimia, huku akihema kwa mbio alizokuja nazo.

"Nani kafa tena?" Mama Mlezi aliuliza, akiacha karanga.

"Hakuna, Mama. Ni mimi. Chipego hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia azunguke. Nilimdanganya makusudi."

Kuku alikuja akadonoa maganda, na Mama Mlezi hakumfukuza.

"Kwa nini?" hatimaye aliuliza.

"Nilitaka kurudi mbele." Machozi yalimshinda Mainza. "Kila mtu nyumbani ana kitu. Mimi nina hicho tu. Nikakiharibu. Nimekiangusha Kitabu cha Mungu, nimemtesa mtoto. Nifukuzeni Stella, nifukuzeni kanisani. Mimi ni mtu mbaya kuliko wote. Mimi si kitu kabisa."

"Ehe! Umeanza tena."

Mainza aliinua uso. "Nimeanza nini, Mama?"

"Kutaka kuwa mbele. Wiki iliyopita ulitaka uwe bora kuliko wote. Leo unataka uwe mbaya kuliko wote. Huchoki kuongoza mstari?"

Mainza alijifuta machozi kwa kiganja.

"Ulichofanya ni kibaya, tena kibaya sana, na sitakipaka asali," Mama Mlezi aliendelea. "Lakini sikiliza. Siku ya ubatizo wako nilikuwepo. Ulikuwa hujui hata kukaa, sembuse kucheza. Ulilia Misa nzima, ukamkojolea mama yako wa ubatizo mpaka kitambaa kikabadilika rangi. Padri alikuita kwa jina lako, akakumwagia maji, akasema kuanzia leo huyu ni mtoto wa Mungu. Hakuna aliyeuliza utacheza mstari wa ngapi. Hakuna aliyeuliza kama utajua hesabu kama Muchindu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi kucheza hakukukufanya kuwa mtoto wa Mungu, na dhambi hii haijakuondolea jina hilo. Ila mtoto akivunja, anaokota vipande. Kwa padri utakwenda kuungama Jumamosi. Kwa Chipego tunakwenda sasa hivi."

"Sasa hivi, Mama? Mama yake yuko nyumbani."

"Vizuri. Naye ana masikio."

*

Chipego alitolewa chini ya kitanda kwa kubembelezwa. Alikaa mapajani mwa mama yake, kidole mdomoni kama mtoto mchanga. Mainza alipiga goti sakafuni. Goti hilo lilikuwa gumu kuliko magoti yote aliyowahi kupiga mbele ya altare.

"Chipego, hukukosea," alisema. "Ulifanya kama nilivyokufundisha. Mimi nilikufundisha uongo kwa sababu nilikuonea wivu. Kosa ni langu lote. Nisamehe."

Mama yake Chipego alivuta pumzi kwa nguvu. "Wewe! Mtoto wangu siku mbili hali chakula, na wewe unapita hapa kwenda kuteka maji?"

"Ndiyo, Mama," Mainza alijibu.

Chipego alitoa kidole mdomoni. "Kwa hiyo Mungu hajanikasirikia?"

"Hajakukasirikia hata kidogo," Mama Mlezi alisema. "Na Kitabu kiko kizima. Mama Muleya mwenyewe anasema amelea watoto saba, na Biblia ya nyumbani kwake imeanguka mpaka imezoea."

Pengo la meno lilionekana kidogo, kisha likajificha. Mainza alimnyooshea mkono, Chipego akajivuta nyuma.

"Sitaki unishike mkono," alisema.

"Sawa."

"Lakini nionyeshe mwisho. Ule wa kweli."

Mainza alimwonyesha palepale, kati ya kitanda na kabati la vyombo. Hatua mbili mbele, moja nyuma, kimya, kisha goti pembeni na kichwa chini. Mama yake Chipego alitazama kila hatua, mikono ameikunja kifuani, kama askari wa zamu. Chipego alipomaliza, aliomba maziwa.

Jumamosi asubuhi Mainza aliungama kwa padri. Alasiri alisimama mbele ya Stella wote, akarudia maneno yaleyale. Alikuwa amejiandaa kwa mzaha wa Twaambo, lakini Twaambo alitazama chini, akichezea mkanda wake wa buluu, na hilo lilimwumiza Mainza kuliko mzaha. Kisha Mainza alivua mkanda wake mwenyewe, akaukunja, akamkabidhi Mama Mlezi.

Jumapili aliketi kwenye benchi, kati ya mama yake na mwanamke mmoja aliyepakata mtoto. Hakujua mikono aiweke wapi. Baadhi ya watu waligeuka kumtazama, kwa kuwa habari huwa haikai, na kila jicho lilipomgusa masikio yalimwaka. Alitamani benchi lifunguke limmeze. Lakini hakuondoka.

Ngoma zikalia. Chipego aliingia, hofu ikiwa wazi usoni, hatua ya kwanza ikiwa ndogo mno. Mainza alishika ukingo wa benchi. Hatua ya pili ikawa kubwa. Nyuma yake mstari ulifuata, mweupe na buluu, ukiyumba pamoja kama majani ya mahindi yakipitiwa na upepo. Katika miaka yake mitatu ya kuongoza, Mainza hakuwahi kuuona. Aliyeko mbele haoni kilichoko nyuma yake. Hakujua kwamba walikuwa wazuri hivi, wote pamoja.

Ngoma ndogo ikanyamaza. Chipego akapiga goti pembeni, kichwa chini. Mama Muleya akapita na ungo wake, salama. Mainza alipiga kigelegele, chembamba, chenye machozi ndani yake, na mama yake akampokea kwa kikubwa zaidi.

Baada ya Misa Mama Mlezi alimkuta nje, amesimama peke yake karibu na ukuta.

"Umeonaje?"

"Nimeona haya, Mama. Bado naona."

"Haya hiyo itakuwa nawe kwa muda, na si mbaya. Inakukumbusha ulichomtendea mwenzako. Lakini usiipe jina lako. Jina lako unalo tayari." Aliweka mkono wake mzito kichwani mwa Mainza. "Katika maisha utapewa nafasi nyingi, mwanangu, na nyingi utaziachia wengine. Ukijua kwamba unapendwa na Mungu hata ukiwa umeketi tu kwenye benchi, hutahitaji kumwangusha mtu ili usimame. Haya, twende tukaokote mtama. Wiki nzima kuna punje chini ya viti, na watu wananilalamikia mimi."

Wakaingia ndani, wakainama pamoja.